Mary Lamb: Mshonaji nguo aliyewafungulia wengi mlango wa tamthilia za Shakespeare

KWA zaidi ya miaka 200 sasa, wasomaji wengi duniani wamekutana na William Shakespeare kwa mara ya kwanza si katika ukumbi wa maigizo wala katika tamthilia zake zenyewe, bali katika kitabu cha hadithi kiitwacho Tales from Shakespeare.

Kitabu hicho kilipotolewa jijini London mnamo 1807, kilibeba jina la mwandishi mmoja tu, Charles Lamb. Lakini kati ya hadithi 20 zilizomo, 14 ziliandikwa na dadake, Mary Lamb.

Mary alikuwa fundi wa kushona nguo za kike. Hakuwahi kuingia chuo kikuu, kwani wakati huo vyuo vikuu vya Uingereza havikuwapokea wanawake. Isitoshe, miaka kumi kabla ya kuandika hadithi hizo, alikuwa amepatwa na janga ambalo lingetosha kumfuta kabisa miongoni mwa watu.

Licha ya hayo yote, ndiye aliyewasaidia maelfu kwa maelfu ya wasomaji kuzizoea, na hatimaye kuzipenda, tamthilia ambazo lugha yake iliwatisha.

Maktaba ya mwajiri

Mary Ann Lamb alizaliwa London mnamo Desemba 3, 1764. Babake, John Lamb, alikuwa karani na mtumishi wa Samuel Salt, mwanasheria mwenye cheo katika makao ya mawakili ya Inner Temple. Familia hiyo iliishi humo humo, katika nyumba ya mwajiri.

Wazazi hao walijaliwa watoto saba, lakini ni watatu tu waliosalimika hadi utu uzima: John, Mary na kitindamimba Charles, aliyezaliwa Februari 10, 1775. Kwa kuwa alimpita Charles kwa takriban miaka kumi, Mary alimlea nduguye huyo na kumfundisha herufi zake za kwanza.

Masomo ya Mary mwenyewe yalikuwa haba. Alihudhuria kwa muda shule ndogo ya mtaani, kisha akatiwa katika kazi ya ushonaji. Charles, kwa upande wake, alipelekwa katika shule mashuhuri ya Christ's Hospital mnamo 1782, ambako alikutana na Samuel Taylor Coleridge, aliyekuja kuwa mshairi mtajika na rafiki yake wa kufa kuzikana.

Hata hivyo, kulikuwa na hazina moja ambayo Mary hakunyimwa. Salt alikuwa na maktaba kubwa, na binti huyo wa mtumishi aliruhusiwa kuingia na kusoma apendavyo. Hakuna aliyemchagulia kitabu, wala aliyemwambia kwamba hiki ni kigumu na kile ni chepesi.

Humo ndimo alimoyasoma maandishi ya kale ya Kiingereza, tamthilia zikiwemo.  Charles alikuja kuandika baadaye kwamba kama angekuwa na mabinti 20, wote angewalea kwa namna hiyo hiyo.

Siku ya balaa

Salt alifariki mnamo 1792, na familia ikapoteza makao pamoja na tegemeo lake. Babake Mary alianza kupungukiwa na akili kwa uzee. Mamake alipooza, akawa wa kuhudumiwa usiku na mchana. Charles, ambaye kigugumizi kilimzuia kuendelea na masomo ya juu, aliajiriwa kuwa karani katika kampuni ya East India, kazi aliyoifanya kwa miaka 33.

Mzigo wa nyumba ulimwangukia Mary. Mchana alishona ili kupata riziki, na usiku alilala kando ya mamake ili kumhudumia.

Mnamo Septemba 22, 1796, wakati chakula kilipokuwa kikiandaliwa, akili yake ilivurugika. Alichukua kisu cha mezani na kumfukuza msichana aliyekuwa akijifunza kazi kwake. Mamake alipojaribu kumzuia, Mary alimdunga na kumuua. Babake naye alijeruhiwa.

Jopo lililochunguza kifo hicho liliamua siku iliyofuata kwamba Mary alitenda hayo akiwa amerukwa na akili. Hivyo hakufunguliwa mashtaka ya mauaji. Alipelekwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa wa akili huko Islington.

Kaka yao mkubwa, John, alionelea Mary aachwe hospitalini. Charles, aliyekuwa na umri wa miaka 21 pekee, alikataa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa wiki sita katika nyumba kama hiyo kati ya mwisho wa 1795 na mwanzo wa 1796, na aliyajua maisha ya humo. Aliahidi kumtunza dadake maisha yake yote.

Ahadi hiyo aliitimiza. Baba yao alipofariki mnamo 1799, Mary alirudi kuishi na Charles, na hawakutengana tena ila pale maradhi yalipomrudia. Charles hakuoa. Mary naye hakuolewa.

Tatizo la lugha

Shakespeare aliaga dunia mnamo 1616. Kufikia wakati wa Mary na Charles, Kiingereza chake kilikuwa na umri wa karibu miaka 200. Maneno mengi yalikuwa yametoweka vinywani mwa watu, na mengine yalikuwa yamebadili maana. Sentensi zilikuwa zimepinduliwa ili kutosheleza mizani ya shairi, na mizaha mingi ilitegemea mambo ambayo hakuna aliyeyakumbuka.

Msomaji wa Kiswahili anaifahamu vyema tabu ya namna hiyo. Anayefungua Utendi wa Tambuka au Al-Inkishafi pasipo kukijua Kiamu hukwama katika beti za mwanzo, ingawa ameambiwa kwamba hiyo ni lugha yake. Wengi huufunga utendi hapo hapo na kudhani kwamba kasoro ni yao.

Uingereza ya wakati huo ilikuwa na tatizo jingine juu ya hilo. Wavulana wa familia zenye uwezo waliruhusiwa mapema kusoma vitabu vya baba zao, na wengi wao walizijua kwa moyo sehemu tamu za Shakespeare. Wasichana walicheleweshwa, na aghalabu walifikia utu uzima bila kumsoma.

Mnamo 1806, mwanafalsafa William Godwin na mkewe, Mary Jane, waliokuwa wakiendesha duka na shirika la kuchapisha vitabu vya watoto, waliwaomba ndugu hao wawili wazigeuze tamthilia za Shakespeare kuwa hadithi. Malipo yalikuwa gini 60, kiasi kilichozidi kidogo pauni 60.

Waligawana kazi. Charles alichukua tanzia sita: King Lear, Macbeth, Timon of Athens, Romeo and Juliet, Hamlet na Othello. Mary alichukua zote zilizosalia, zikiwemo The Tempest, The Merchant of Venice, Twelfth Night na The Winter's Tale.

Waliandika kwenye meza moja. Kwa mujibu wa barua za Mary, Charles alikuwa akiguna na kulalama kila mara kwamba hawezi kuandika lolote, hadi amalize ndipo agundue kwamba ameandika kitu cha maana. Mary naye alikuwa akinusa ugoro na kuendelea na kazi.

Si kwamba kwake kazi ilikuwa rahisi. Alipofikia All's Well that Ends Well, alikwama kabisa. Alikuwa amechoka kusimulia habari za wasichana wanaojigeuza wavulana kwa mavazi, kwani Shakespeare ameirudia mbinu hiyo katika tamthilia kadhaa. Charles alimwandikia rafiki yao, mshairi William Wordsworth, kwamba Mary ameanza kudhani Shakespeare alipungukiwa na ubunifu.

Mbinu yake

Katika utangulizi wa kitabu hicho, ambao sehemu yake kubwa ni kazi ya Mary, ameeleza waziwazi njia waliyoifuata.

Kwanza, kisa kitangulie. Msomaji akishajua nani anampenda nani, nani amemsaliti nani na mambo yanaishia wapi, hapotei tena ndani ya maneno magumu. Ndiyo sababu Mary alipunguza visa vya kando. Katika Twelfth Night alimwondoa Malvolio, yule msimamizi wa nyumba anayechekwa na kila mtu. Katika The Merchant of Venice aliyaacha masanduku matatu ambayo wachumba wa Portia hutakiwa kuchagua kati yake.

Pili, maneno ya Shakespeare yenyewe yasitupwe. Kila palipowezekana, Mary aliyaingiza katika usimulizi wake jinsi yalivyo. Zaidi ya hayo, alijihadhari asitumie maneno yaliyoingia katika Kiingereza baada ya enzi ya Shakespeare. Kwa njia hiyo, sikio la msomaji lilizoea sauti ya lugha ya kale kidogo kidogo, bila kujua kwamba linafundishwa.

Tatu, magumu yasomwe kwa ushirika. Mary aliwaomba wavulana wawafafanulie dada zao palipo pagumu, kisha wawachagulie na kuwasomea sehemu tamu kutoka kwa tamthilia zenyewe. Usomaji aliouona akilini mwake haukuwa wa mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kamusi, bali wa wawili wanaosaidiana, kama walivyokuwa yeye na Charles.

Nne, na hili ndilo kubwa, hadithi zisichukue nafasi ya tamthilia. Utangulizi unakiri kwamba hadithi hizo ni kivuli tu cha kitu halisi, na unamtakia msomaji kwamba akikua azisome tamthilia kamili.

Kuna wahakiki waliolalamika kwamba ufupisho huo umemnyima Shakespeare ucheshi wake, na lalama hizo zina msingi. Mchezo ambao mafundi huuigiza kwa kubabaisha mwishoni mwa A Midsummer Night's Dream haumo kabisa katika hadithi ya Mary. Anayeishia kwenye hadithi atakuwa hajacheka alivyostahili. Lakini Mary hakukusudia msomaji aishie hapo.

Mama aliyerudi

Hadithi za Mary zina jambo jingine, ambalo wasomaji wake wa kwanza hawakuwa na njia ya kulitambua.

Katika The Winter's Tale, Hermione huaminiwa kuwa amekufa kwa miaka mingi. Mwishoni, binti yake Perdita huletwa mbele ya sanamu ya mamake, na sanamu hiyo ikawa ni mama mwenyewe, yu hai. Katika Pericles, binti aitwaye Marina humpata mamake ambaye watu walikuwa wamemtupa baharini wakidhani ni maiti. Zote mbili ziliandikwa na Mary.

Ndiye pia aliyeandika ile hadithi ya Venice ambamo Portia anasimama mahakamani kuwakumbusha watu kwamba rehema ni kubwa kuliko haki, na hapo aliyafuata kwa karibu sana maneno ya Shakespeare. Mary alikuwa huru kuyaandika hayo kwa sababu jopo lilimhurumia na nduguye akamdhamini.

Kumbe lugha ya kale haikuwa kwake somo la shuleni. Ilikuwa na nafasi ya kutosha kubeba mambo ambayo hakuweza kuyatamka kwa lugha ya kila siku.

Kutokuwepo kwa jina lake kitabuni hakukuwa jambo geni. Waandishi wengi wa kike wa zama hizo walichapisha bila kutajwa, na Mary alikuwa na sababu ya ziada ya kuyakwepa macho ya watu. Charles, hata hivyo, hakuwaficha marafiki zake nani aliandika nini.

Kazi na maradhi

Baada ya mafanikio ya kitabu hicho, ndugu hao walitoa vingine. Mnamo 1808 Charles alichapisha mkusanyiko wa sehemu teule za waandishi wa tamthilia walioishi karibu na wakati wa Shakespeare, na kuwarudisha masomoni watunzi waliokuwa wamesahaulika. Mwaka uliofuata walitoa Mrs Leicester's School, ambamo hadithi saba kati ya kumi ni za Mary, pamoja na kitabu cha mashairi ya watoto.

Mnamo 1815 Mary aliandika makala kuhusu kazi ya ushonaji katika jarida la wanawake, akitumia jina la bandia. Alieleza kwamba wanawake wenye uwezo wanaposhona nyumbani kwa kujifurahisha tu, huwanyang'anya mkate wanawake maskini wanaotegemea sindano. Aliyasema hayo kama mtu aliyeyaishi.

Lakini maradhi hayakumwacha. Yalimrudia karibu kila mwaka, na kila mara alilazimika kukaa wiki au miezi katika nyumba ya wagonjwa. Wote wawili walijifunza kuzitambua dalili mapema. Rafiki mmoja aliwahi kuwakuta wakikatiza mashambani kwa miguu kuelekea hospitalini, wameshikana mikono, wakilia. Waliposafiri walibeba vazi maalumu la kumfunga mgonjwa mikono, lisije likahitajika njiani.

Alipokuwa mzima, Mary alijulikana kwa utulivu na busara. Nyumba yao ilikuwa kituo cha waandishi kama Wordsworth, Coleridge na William Hazlitt, na wageni wengi waliuheshimu uamuzi wake kuhusu vitabu kuliko wa watu waliosoma sana.

Miongoni mwa waliofaidika naye ni msichana Mary Novello, ambaye Mary alimfundisha Kilatini na namna ya kusoma mashairi kwa sauti. Msichana huyo, baada ya kuolewa akaitwa Mary Cowden Clarke, alitumia zaidi ya miaka kumi kuandaa faharasa kubwa ya maneno ya tamthilia za Shakespeare, iliyotolewa mnamo 1844 na 1845. Kupitia faharasa hiyo, msomaji aliyekumbuka neno moja tu angeweza kuupata mstari wote.

Mwisho wa safari

Charles alistaafu mnamo 1825, na ndugu hao wakahamia nje ya jiji, kwanza Enfield kisha Edmonton. Mnamo Desemba 1834 Charles alianguka akiwa matembezini na kujeruhiwa usoni. Jeraha lilioza, na akafariki Desemba 27.

Mary aliishi miaka 12 zaidi. Alifariki Mei 20, 1847, akiwa na umri wa miaka 82, akazikwa katika kaburi la nduguye huko Edmonton. Ni baada ya kifo chake tu, mnamo 1848, ambapo mwandishi wa maisha ya Charles aliuweka wazi mkasa wa 1796. Marafiki walikuwa wameitunza siri hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Wakati huo, hadithi zake zilikuwa zimekwisha anza safari ya mbali. Miaka 20 baada ya kifo chake, mnamo 1867, mmishenari Edward Steere alichapisha kisiwani Zanzibar kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na hadithi nne kutoka kwa kitabu cha Mary na Charles, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili: The Taming of the Shrew na The Merchant of Venice za Mary, na King Lear na Timon of Athens za Charles.

Kwa hivyo, Shakespeare aliingia katika maandishi ya Kiswahili kupitia mlango ambao Mary aliusaidia kuufungua. Ilichukua takriban karne nzima kabla ya tamthilia kamili kufuata. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mnamo 1963, tamthilia ambayo Mary na Charles hawakuigusa. Samuel Mushi alitafsiri Macbeth mnamo 1968 na The Tempest, aliyoiita Tufani, mnamo 1969.

Mwaka huo huo wa 1969, Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi. Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili, aliyekuwa ameletewa kisa cha Portia na hadithi ya Mary miaka 102 awali, alipoweza kuyaona kwa lugha yake yale masanduku matatu ya dhahabu, fedha na risasi.

Mpangilio huo, hadithi kwanza na tamthilia baadaye, ndio Mary aliokuwa ameupendekeza. Mwanafunzi wa leo anayeishika tamthilia ngumu huwa na mwongozo kando yake, na mara nyingi huusoma mwongozo akaiacha tamthilia. Mary asingemlaumu kwa kuanza na kilicho chepesi, kwa sababu yeye mwenyewe aliandika kilicho chepesi. Angemtaka tu amtafute mwenzake, waifungue tamthilia yenyewe, na waisome kwa sauti.